Nyutroni ya Mbao ya Sipresi

Jumamosi moja nilienda kwenye karakana ya baba iliyo mtaani Waithaka, kumwambia kwamba chuo kimenifuta. Nilikuwa nasoma fizikia, mwaka wa tatu. Nikakaa juu ya mbao nikimtazama akipiga randa, nisimwambie. Huzuni sikuwa nayo. Sikuwa na chochote.

"Kwani huko mjini mnafunzwa nini hasa, mama?" akauliza. Huniita mama kwa sababu nina jina la mamake.

Nikachukua penseli, nikamchorea kwenye kipande cha plaiwudi jinsi nyutroni inavyovunjika. Mstari wa nyutroni unaingia, wa protoni unatoka. Pale mistari hiyo inapokutana unachomoza mstari wa mawimbi, na mwisho wake kuna mingine miwili: elektroni, na chembe ambayo mshale wake huchorwa ukirudi nyuma.

"Huu mshale umeukosea," akasema.

"Zii, ndivyo huchorwa. Hiyo ni chembe kinyume."

"Sawa. Vipimo?"

Nikamwambia mchoro huo hauna vipimo, hicho si kitu cha kushikwa, ni njia tu ya kupanga hesabu. Fundi gani atakubali hayo! Wiki iliyofuata nikakuta ameuunda mchoro mzima kwa sipresi, mawimbi ameyakata kwa msumeno mwembamba, mishale ameichonga, na kuutundika juu ya mlango. Wateja walionyeshwa kabla hata ya kuulizwa wanataka kitanda au kabati. "Hiyo ni kazi ya binti yangu." Aki, hata aibu haikunishika. Nilisema tu imetoka poa.

Miezi ikaenda hivyo. Nilikuwa nauza kava za simu katikati ya jiji, yeye akidhani niko darasani. Kisha akaniuliza tarehe ya mahafali, maana shangazi zangu walikuwa wanataka kukodi basi kutoka Kakamega.

"Baba, walinifuta mwaka jana."

Hakufoka. Aliweka randa chini, akautazama ule mchoro wake.

"Nionyeshe ulipokosea, turekebishe."

"Sikukosea mahali popote. Niliacha tu kuamka kwenda kufanya mtihani."

"Kwa nini?"

"Sijui, baba."

Akaketi kwenye rundo la mbao, akafunika uso kwa mikono yake yenye vumbi la msumeno, akalia. Mimi nikasimama pale nikimtazama, nikingoja nami nianze.