Kila Bidoni Kumi na Mbili

Watu huniuliza mafuta ya moteri ya trekta ndogo hubadilishwa baada ya muda gani. Wanataka jibu fupi, nami ninalo: bidoni kumi na mbili za mazutu, yaani madumu kumi na mawili ya dizeli. Wanaondoka wameridhika, na hakuna anayeuliza nilijuaje. Leo nitasema, kwa sababu nimechoka na vijana wanaosubiri taa nyekundu iwake ndipo wakumbuke kwamba chini ya moteri kuna mafuta.

Trekta yenyewe ilikuwa ya Kijapani, silinda tatu, na ilitufikia ikiwa imeshatumika. Ilikuwa mali ya ushirika wa wakulima wa mpunga upande wa Mutarule, nami nilikuwa fundi wake. Kitabu chake kilikuwa na picha nzuri na maandishi ambayo hata padri hakuweza kuyasoma. Saa ndogo inayohesabu muda wa kazi ilikufa mwezi wa pili. Nilijua kwamba mafuta yanatakiwa kutoka kila baada ya saa mia moja, lakini saa mia moja utazijuaje bila saa? Nikahesabu kwa bidoni. Bidoni ya lita ishirini ilitupa kazi ya saa saba hivi. Saa mia moja ni bidoni kumi na nne. Nikapunguza mbili kwa ajili ya vumbi la uwanda wa Ruzizi, ambalo huingia hata ndani ya yai.

Nilihesabu kwa mkaa, ukutani kwangu mjini, mtaa wa Songo, maana kila tulipojaza mazutu chofa, dereva wa trekta, alinipa habari. Bidoni moja, alama moja. Zikifika kumi na mbili ninafanya vidanji, yaani ninamwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya, kisha ninapiga mstari mmoja kuzikata zote. Filtri ya mafuta ilibadilishwa kila vidanji ya pili. Filtri ya hewa ilikung'utwa kila jioni, na asiyeikung'uta hakupewa trekta kesho yake. Kwa utaratibu huo tulilima misimu minne. Bibi yangu, mke wangu wa ndoa, alisema ukuta ule ulikuwa unajua mambo mengi kuliko mimi. Hakujua anatabiri.

Vita ilipofika kwenye uwanda, wanaushirika waliniletea trekta usiku mmoja nikaifiche. Niliifunika turubai, na juu ya turubai nikaanika mihogo. Ilikaa siku tisa. Siku ya kumi askari waliotawala mji wakati huo walikuja kutafuta mihogo.

Walipoinua turubai, komanda wao aliifurahia trekta sana. Aliizunguka mara mbili, akapiga teke gurudumu kama wafanyavyo watu wasiojua kitu, akaniuliza:

"Weye njo fundi yake?"

"Ndiyo, komanda."

"Iko inaomba nini?"

Hapo ndipo nilipodanganya. Sikuwa nimepanga. Niliona tu kwamba trekta inaondoka, na kwamba kama ikienda kwa bidoni kumi na mbili, huenda nisiione tena. Nikamwambia inaomba mafuta mapya kila bidoni nne, bila kukosa, na kwamba mafuta hayo yawekwe na mimi mwenyewe. La sivyo moteri itajifunga na mtaisukuma kwa mikono. Nililegeza bulo ya chini, ile skrubu ya kumwagia mafuta, nikamwonyesha. Yalikuwa meusi kama lami. Asiyejua hajui kwamba mafuta ya moteri ya mazutu huwa meusi siku ile ile unapoyamimina, na kwamba weusi peke yake si uchafu wala uzee. Komanda aliyatazama kwa huruma.

"Kweli iko inateseka," alisema.

Tangu siku hiyo, kila bidoni nne waliniletea trekta, pamoja na lita nne za mafuta mapya. Waliyapata wapi sikuuliza. Nilikuwa kama mtu mwenye ndugu gerezani aliyepewa siku ya kumwona. Nilikagua maji, nilikung'uta filtri, nilikaza kilicholegea, nikamrudisha ndugu kwa walinzi. Waliitumia kuvuta rimoki, lile tela la nyuma, yenye maji, mbao na vitanda vya watu. Mara moja kitanda kilikuwa cha shemeji yangu. Nilikung'uta filtri siku hiyo kwa nguvu kuliko kawaida, lakini niliikung'uta.

Mafuta niliyokuwa ninayatoa yalikuwa bado mazima. Kuyamwaga ingekuwa dhambi. Jirani yetu, mama mjane, alikuwa na mashine ya kusaga iliyosimama kwa kukosa mafuta ya moteri, kwa sababu njia zote zilifungwa. Nikawa ninampitishia beseni juu ya uzio. Mashine ikaanza kunguruma tena, na Songo ikapata unga.

Bibi yangu hakufurahi sana. "Papa, weye utakufa juu ya mafuta," alisema. "Bantu bakufe juu ya inchi, weye utakufa juu ya mafuta."

Nilimjibu vibaya, kama nilivyokuwa ninajibu kila mtu miezi ile. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninaogopa. Na sikuwa ninaogopa kufa kwanza. Niliogopa kwamba trekta itaharibikia mikononi mwa wale watu, na siku vita ikiisha nitawaambia nini wakulima walioniamini, nao watalima mpunga kwa jembe.

Siku moja trekta ililetwa na ajida mgeni, askari wa cheo cha chini ya komanda. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye umri kama wangu, na hakupiga teke gurudumu. Nilipomwaga mafuta alichuchumaa, akachovya vidole viwili, akayasugua taratibu, akayanusa. Nikajua nimekwisha. Mtu anayenusa mafuta hadanganywi kwa rangi.

Akasimama akatazama ukuta. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika ukutani. Mdomo wangu ulikuwa umedanganya miezi yote ile, lakini mkono wangu ulikuwa haujazoea. Juu kulikuwa na mistari ya zamani: kumi na mbili zimekatwa, kumi na mbili zimekatwa, kumi na mbili zimekatwa. Chini yake: nne, nne, nne, nne. Kupaka chokaa mara moja kungetosha. Halikunijia hata wazo hilo. Ilikuwa hesabu ya kazi, na hesabu ya kazi haifutwi.

"Pale ni kumi na mbili," alisema. "Hapa ni nne. Juu ya nini?"

"Vumbi ya vita iko mingi, ajida."

Hakucheka. Upande wa pili wa uzio mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma.

"Na ile mulini inapata mafuta wapi?"

"Mungu iko anasaidia."

"Mungu iko na mafuta nyeusi," alisema, akipangusa vidole kwenye suruali. Kisha akasema, "Mbele ya kuvaa hii nguo nilikuwa chofa ya trekta miaka kenda. Sasa uniambie kweli. Vidanji ni bidoni ngapi?"

Nikisema nne, nilikuwa ninamtukana usoni, naye alikuwa na bunduki. Nikisema kumi na mbili, nilikuwa nimekiri, na trekta haitarudi kwangu tena. Bibi yangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Kumi na mbili," nilisema.

"Njo vile minye nilijua." Akakunja mikono ya shati. "Kesho iko inaenda mbali. Fanya yote. Filtri pia."

Nilikuwa na filtri moja mpya ya mwisho, niliyoificha darini kwa ajili ya wakulima. Sikutaka kuitoa. Niliitoa. Ningeweza kumfungia ile ya zamani. Lakini mbele ya mtu anayejua kazi, mikono yangu haikuweza kufanya kazi mbaya. Bibi yangu aliniona nikishuka nayo, akarudi ndani na sufuria yake.

Tulifanya pamoja, mafuta, filtri, maji, grisi. Mwishoni ajida aliuliza jinsi ninavyohesabu, nikamweleza: alama moja kwa bidoni moja, mstari baada ya vidanji. Kisha aliinua beseni la mafuta ya zamani mwenyewe, akalipitisha juu ya uzio kwa yule mama, akapanda trekta akaondoka. Nilibaki ukutani na mkaa mkononi, sina cha kuandika.

Vita ilipotulia kiasi cha watu kurudi mashambani, tulisikia kwamba kuna trekta imetupwa nyuma ya ghala huko Kamanyola. Niliondoka na mwenyekiti wa ushirika. Nilibeba lita nne za mafuta na ufunguo wa namba kumi na saba wa kufungulia bulo.

"Unaenda kuona maiti, unabebea yake mafuta?" bibi yangu aliuliza.

Ilikuwa yetu. Haikuwa na magurudumu, kiti wala taa. Mwenyekiti alishika kichwa. Mimi niliona kitu kingine: kwenye bati lililokuwa likifunika gurudumu la kushoto mtu alikuwa amekwaruza alama kwa msumari. Kumi na mbili, mstari. Kumi na mbili, mstari. Makundi matano yaliyokatwa vizuri, kwa mkono usiotetemeka. La sita lilikuwa na alama kumi na mbili, na halikukatwa.

Niliuliza habari za ajida mwembamba. Hakuna aliyejua. Nilikaa chini kando ya trekta nikalia, mzee mzima, na mwenyekiti akadhani ninalilia magurudumu.

Kisha nilifungua bulo ya chini. Mafuta yalitoka meusi, mepesi, yamechoka, lakini hayakuwa na unga wa chuma ndani: moteri ilikuwa bado nzima. Nikaweka mapya, nikaokota msumari, nikapiga mstari kukata kundi la sita. Ndipo tukaanza kutafuta magurudumu.