Neno Lenye Maana Mbili

Ofisini kwetu Dodoma kuna kijana mmoja mchangamfu ambaye kila akisimulia alivyohamia hapa kutoka Dar es Salaam husema, "Tuliporiloketi." Wenzake hawashtuki. Kwao ni neno la kazini tu, kama faili na chai ya saa nne. Mimi likinifikia, masikio hupata moto. Huinama nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza. Nimeshapita miaka thelathini na kazi yangu ni kupitia mikataba, lakini neno hilo moja hunirudisha Kondoa, kwenye mkeka wa Babu, nikiwa na miaka kumi na miwili na mdomo mrefu kuliko akili. Sijapata kumsimulia mtu. Nakusimulia wewe kwa kuwa hunijui.

Kondoa tulikuwa na timu ya ligi kuu. Cheka ukitaka, hata sisi wenyewe tulikuwa hatuamini. Ilianzishwa na vijana waliokuwa wakifanya mazoezi kwenye mchanga wa mto wakati wa kiangazi, maji yakishakauka, na wapinzani wakawa wanawakebehi kwamba hiyo ni timu ya mchangani. Wazee wakasema vyema, na tuitwe hivyo hivyo. Ikaitwa Wana wa Mchanga. Ilikuwa mali ya wanachama, kila mmoja na kadi yake, na mwenyekiti wa wanachama alikuwa babu yangu, Babu Iddi, mkulima wa alizeti na mbaazi. Kadi yake aliihifadhi ndani ya kofia. Bibi alikuwa akisema ndiyo maana upara hauishi kukua.

Wawekezaji walikuja msimu ambao basi la timu liliharibika njiani mara tatu na tukanusurika kushuka daraja. Walitoka nje ya nchi, watu wapole, wenye viatu safi ambavyo vumbi letu jekundu liliviharibu siku ile ile. Walitaka kuinunua sehemu kubwa ya klabu, na kwa kuwa katiba ilitaka wanachama wapige kura, waliacha rasimu ya mkataba kwa wazee waisome kwa wiki moja. Ilikuwa ya Kiingereza. Ya Kiswahili, walisema, iko njiani.

Babu hakuwa mtu wa kununua mbuzi kwenye gunia. Alisema hapigi kura mpaka ajue karatasi inasema nini. Wazee wakamtaja Mwalimu Hosea, mwenyeji wa Kibakwe, aliyekuwa akifundisha Kiingereza sekondari. Na hapo ndipo niliposhuka kwenye basi la Dodoma na sanduku langu la chuma, nimekuja likizo kutoka shule ya bweni ya Kiingereza, na Babu akasema, "Ya nini kwenda mbali? Mchumba wangu huyu hapa, Kiingereza anakiota usingizini."

Jioni hiyo, baada ya sala ya alasiri, tulikaa uani: Babu, mimi, na wazee wawili, mmoja wao Mzee Bakari, aliyekuwa akipiga ngoma uwanjani tangu timu haijawa na jezi. Bibi alikuwa anapepeta ulezi na harufu ya makapi ilikuwa inatupitia. Nikasoma. Ah, nilisoma. Niliteremka kurasa zile bila kujikwaa, sauti kama ya mtangazaji, na wazee wakawa wanatikisa vichwa kwa raha, ingawa hakuna aliyeambulia neno. Na mimi pia, mpenzi msomaji, nilikuwa naambulia kidogo sana. Nilijua kuyatamka tu.

"Sasa tuambie," Babu akasema.

Niliwaambia nilichoweza. Timu itapata basi, kocha, vifaa. Kisha tukafika kwenye kifungu kilichosema kwamba kampuni inaweza kuiriloketi timu. Neno hilo sikuwa nalijua. Nilijua dada yake tu, loketi, tulifundishwa kwenye jiografia: kutafuta mahali kwenye ramani. Nikaungaunga.

"Wataitafutia timu mahali."

"Mahali pa nini?" aliuliza Mzee Bakari.

"Uwanja. Uwanja mpya."

"Wapi?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yenye njaa ya jibu moja tu, na mimi nikampa. "Hapa hapa," nikasema.

Hayo maneno mawili hayakuwamo kwenye karatasi. Ningeweza kujitetea kuhusu lile moja, kwamba nilikuwa mtoto na nilikosea. Lakini "hapa hapa" niliyatoa tumboni mwangu.

Babu alinitazama kidogo, akavua kofia, akaivaa tena. "Mwanaidi, kuuliza si ujinga. Kama kuna neno hulijui, sema, tutampelekea Mwalimu. Hakuna atakayekucheka."

"Nayajua yote, Babu."

Kesho yake mji mzima ulikuwa unasema riloketi. Mzee Bakari alilitungia mdundo, ri-lo-ke-ti, mapigo manne, na watoto wakawa wanalicheza wakienda kuchota maji. Nilikuwa nikipita sokoni wanawake wananipa maandazi bure.

Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Babu aliniweka kiti cha mbele. Aliwaeleza wanachama kifungu baada ya kifungu, na alipofika kwenye uwanja mpya, ngoma ikalia. Ilipotulia, Mwalimu Hosea alisimama nyuma. Alikuwa mwanachama kama wengine, kadi yake aliishika mkononi.

"Shikamooni wazee," alisema. "Naomba nisieleweke vibaya. Neno hilo maana yake ni kuhamisha. Wanaweza kuihamisha timu."

Watu waliguna. Mmoja akasema yeye si wa huku, uchungu wa timu ataujulia wapi. Babu aliinua mkono wakanyamaza, kisha akanigeukia, mbele ya wote.

"Mwalimu anasema kuhamisha. Wewe unasemaje?"

Nilijua pale pale kwamba Mwalimu alikuwa sahihi. Neno lilifunguka kichwani mwangu kama kopo. Ningesema tu, "Babu, nilikosea," na shughuli ingeishia hapo, wangekuwa wamechelewa siku mbili kupiga kura, basi. Lakini nilifikiria maandazi na ile ngoma, na yale macho yote. Nikasimama, nikakunja mikono nyuma kama tulivyofundishwa shuleni.

"Neno hilo lina maana mbili, Mwalimu."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko na makofi. Mwalimu Hosea hakubishana na mtoto. Alinitazama bila hasira, akaketi, na kadi yake peke yake haikuinuliwa wakati wa kura. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho kwenda kwao.

Timu ilicheza Kondoa msimu mmoja zaidi. Kisha basi jipya, zuri kweli, liliwachukua wachezaji kwenda Dar es Salaam, na tukasikia redioni kwamba Wana wa Mchanga sasa wana jina jingine na jezi za bluu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ilikuwa imeandikwa. Mzee Bakari aliitundika ngoma yake kwenye dari la jiko, ikawa nyeusi kwa moshi. Babu walimbandika jina Mzee Riloketi, na vijana waliokuwa wakimwamkia kwa kuinama wakawa wanamwamkia huku wanacheka.

Unajua alikuwa akiwajibu nini? Nilimsikia kwa masikio yangu likizo iliyofuata, barazani. "Neno lina maana mbili," aliwaambia. "Mjukuu wangu aliwasomea ya kweli. Wenzetu walichagua ile nyingine." Niliingia ndani nikajifunika kanga ya Bibi kichwani, nikalia. Lakini sikutoka kwenda kusema.

Alipougua mara ya mwisho nilikuwa chuo kikuu, nasoma sheria. Nilikuwa namnywesha uji. Akasukuma bakuli taratibu, akauliza, "Mwanaidi, lile neno letu. Ile maana ya kwanza uliisoma kwenye kitabu gani?"

"Nimesahau, Babu."

"Haya," akasema, akaomba maji. Wiki hiyo hiyo tulimzika.

Kwa miaka nilijifariji kwamba alikufa akiniamini, na kwamba ukimya wangu ulimpumzisha. Nilipoanza kazi hii ya mikataba, kuuliza watu maswali ambayo majibu yake ninayo tayari, ili tu nione kama watasema wenyewe, ndipo nilipoelewa. Babu alikuwa anajua. Pengine tangu kule ukumbini. Alibeba jina la mzaha mitaani mwake ili mimi nisilibebe, na aliniuliza mara tatu, mkekani, mkutanini na kitandani. Mara zote tatu alikuwa ananifungulia mlango, na hakutaka kitabu chochote. Alitaka nimwambie sijui.