Hedifoni za Bei ya Gari

Watu wengi masikio yao ni ya kuning'inizia hereni. Ya shangazi yangu yalikuwa ya kazi. Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya kioo cha studio ya redio, akirekodi wasoma habari, wanakwaya, na wanasiasa wanaokohoa kabla ya kudanganya. Alikuwa anaweza kukuambia ni nani aliyesogeza kiti katikati ya kipindi. Nyumbani hukuthubutu kumwambia umefunga bomba kama hukulifunga vizuri, maana tone alilisikia akiwa chumba cha pili. Kazini walimwita Mama Sikio, na jina hilo likamfuata hadi sokoni.

Alipostaafu, baba yangu alikuwa na duka la vifaa vya muziki. Baba ni mdogo wake, wamefuatana. Lile si duka la redio za plastiki. Wateja wetu ni watu wanaoweza kubishana saa mbili nzima kuhusu waya, kisha waondoke bila kununua hata huo waya. Kaunta ni yangu, tangu nilipomaliza chuo nikakosa kazi niliyoisomea. Baba akamwomba dada yake aje mara moja kwa wiki, asikilize kila kifaa kipya, aandike kwa mkono wake alichosikia, na karatasi ibandikwe ukutani. Shangazi alikubali kwa sharti moja: hapokei chochote kwa kinachouzwa.

"Nikila chako nitakusifia," alimwambia baba. "Nipe chai tu."

Zile karatasi ndizo zilizolijenga duka. Watu waliingia wakapita moja kwa moja hadi ukutani, wakasoma, ndipo wakaja kwangu kuuliza bei. Shangazi hakujua kupiga chuku. Kuna hedifoni aliziandikia mstari mmoja: "Hizi zinafaa kusikilizia mpira." Baba alirudisha mzigo mzima kwa sababu ya mstari ule. Alicheka wakati anafunga maboksi, lakini mimi ni mwanawe, najua kicheko chake kikiwa cha mdomoni tu.

Kisha zikaja hedifoni za umemetuli. Kwa asiyezijua: hedifoni ya kawaida ina sumaku na koili ndani yake, vinavyosukuma kiwambo. Hizi hazina sumaku. Zina utando mwembamba kuliko ule wa katikati ya kitunguu, umetandazwa kati ya sahani mbili za chuma zenye matundu, na umeme ndio unaouvuta huku na huku. Kwa kuwa utando hauna uzito wa kusema, sauti hutoka bila kujivuta. Unamsikia mwimbaji akilowesha midomo. Unasikia kidole kikibanduka kwenye uzi wa gitaa. Huwezi kuzichomeka kwenye simu. Zina amplifaya yake maalumu, na hiyo nayo si ya kuchezewa.

Aina moja tulikuwa nayo tayari, ya bei ya friji kubwa, na shangazi alishaisifia. Sasa ikaja nyingine, ya bei ya gari lililotumika, tena si gari bovu. Baba alikuwa ameagiza sita kabla shangazi hajazisikia. Hakuwa amewahi kufanya hivyo kabla, na wiki ile nzima alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu zisizo na vumbi.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake wa kulinganisha, na hakuuruka hata siku moja. Kwanza alizishonea hedifoni zote mbili vifuniko vya kitambaa kimoja chepesi, na zile nyepesi akazibandika sarafu mbili, ili kichwani asijue ipi ni ipi. Halafu alipima sauti. Alikuwa na ubao wenye tundu, na ndani ya tundu kipaza sauti kidogo kilichounganishwa na kipima sauti. Aliweka hedifoni juu ya tundu, akacheza mvumo mmoja, na akazungusha kitufe cha amplifaya mpaka namba itakiwayo ionekane. Hapo akabandika utepe: mwekundu kwa zile za bei ya gari, wa bluu kwa zile za bei ya friji. Alinifundisha sababu tangu nikiwa mwanafunzi.

"Sikio ni lafi," aliniambia. "Mpe mtu sauti mbili zinazofanana, moja izidi chembe. Hatakwambia hii ina kelele. Atakwambia hii ni tamu zaidi. Ndiyo maana lazima zilingane, la sivyo unapoteza muda wako na wa watu."

Baada ya kupima, alikwenda kukaa robo saa kwenye kibaraza cha nyuma, macho kafumba, bila kuzungumza na mtu, ili masikio yapumzike. Kisha angerudi, afungwe kitambaa machoni, na mtu mwingine awe anabadilisha hedifoni na kuzungusha kitufe kwenye utepe wake. Mtu yule angekuwa mgeni, shangazi angepima tena baada ya kupumzika. Lakini mtu yule alikuwa baba, na shangazi hakupima tena.

Mimi nilikuwa nje ya kioo cha chumba cha kusikilizia, napanga risiti. Nilimwona baba akiinama juu ya amplifaya. Aliubandua ule utepe mwekundu kwa ncha ya kidole, akausogeza mbele upana wa ukucha, akaubandika tena na kuulainisha. Nikafungua mlango.

"Baba, hiyo alama si ameiweka shangazi?"

"Kidogo tu."

"Lakini anasema..."

"Najua anachosema, nimeanza kukisikia kabla hujazaliwa. Zingekuwa mbaya nisingezileta. Hizi ni nzuri, nazisaidia tu zijieleze." Akanitazama. "Na wewe mshahara wako unadhani unatoka wapi? Ukutani?"

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nilifundishwa na yeye mwenyewe, pale pale kaunta. Ningemjibu hivyo. Nikarudi kwenye risiti zangu.

Shangazi alisikiliza mara kumi. Mara kumi alinyoosha kidole kwa zile za bei ya gari. Alipofunguliwa kitambaa na kuonyeshwa hesabu, machozi yalimlengalenga, mtu mzima aliyesikia kila kitu cha kusikika. Akaandika: "Nimezichagua hizi mara kumi kati ya kumi bila kuziona. Sijawahi kusikia sauti iliyo karibu namna hii. Mwenye uwezo asisite." Hakuwahi kuandika maneno kama hayo. Baba akamkumbatia. Mimi nikaibandika karatasi ukutani, kwa mikono yangu hii.

Ziliuzwa nne katika miezi miwili. Moja ilichukuliwa na mwalimu mmoja wa kwaya aliyekuwa ametoka kupata kiinua mgongo chake. Aliisoma ile karatasi, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Kama Mama Sikio kasema, mimi sina swali," akasema.

Hakurudi dukani. Alikwenda nyumbani kwa shangazi, siku ya Jumamosi asubuhi, na nilikuwepo, namkatia shangazi vitunguu. Mwalimu alikuwa amebeba amplifaya yake, hedifoni zake, na zile za bei ya friji alizoazima kwa rafiki. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Mama, pengine ni mimi, umri umekwenda. Lakini nazisikiliza hizi na hizi, na sioni tofauti. Nikasema nije unionyeshe niisikilizie wapi."

Shangazi aliondoa sahani mezani, akatoa ubao na kipima sauti chake. Akazivisha vifuniko na sarafu, akapima, akabandika tepe mbili, akafunga macho na kumwachia mwalimu abadilishe. Mara ya pili akakunja uso. Walipofika ya kumi alikuwa amechagua za bei ya friji mara sita, za bei ya gari mara nne, na hata yeye alijua kwamba hapo alikuwa anabahatisha tu.

"Si wewe, Mwalimu," alisema. "Ni mimi. Masikio yangu yameniangusha, na mimi nimekuangusha wewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, lakini nani anakagua nguo aliyoivaa maisha yake yote? Aliwaza uzee. Aliwaza maradhi. Hakuwaza hata mara moja kwamba kulikuwa na mkono wa mtu, kwa sababu mkono uliokuwa kwenye kitufe ulikuwa wa mdogo wake aliyembeba mgongoni. Na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimeshika kisu na kitunguu, machozi yananitoka, na kila mtu alidhani ni kitunguu.

Alikwenda hospitali. Daktari akampima, akamwambia masikio yake ni mazuri kuliko ya watu wengi wa umri wake. Hakuamini. Daktari hakuwepo alipokosea mara kumi kati ya kumi. Akaja dukani akabandua karatasi zote ukutani, hata zile za miaka ya nyuma zilizokuwa sahihi, akazikunja na kuzitia mkobani.

"Usijali, dada," baba akamwambia. "Kila mtu hukosea."

Alisema hivyo. Nilikuwa nimesimama pale pale, na mpaka leo nikimsikia baba akimwambia mtu "usijali" mwili wangu unasisimka. Lakini nami sikusema neno, kwa hiyo hasira hizi nazo nazibeba nusu nusu.

Shangazi akaacha kusikiliza. Redio ya jikoni ilifunikwa kitambaa. Jumapili nilikwenda kumtembelea kama kawaida, nikala, nikaosha vyombo. Ilikuwa katika zile Jumapili ndipo alipoanza kuniuliza mambo madogo madogo. "Huo mlango unalia kweli, au ni mimi?" "Huyo jirani anaimba, au nawaza tu?" Yule mwanamke aliyekuwa anasikia kiti kikisogezwa studio, sasa ananiomba mimi nimthibitishie mlango! Nilimjibu, "Unalia, shangazi." Basi. Kila wiki nilijiambia nitasema wiki ijayo. Sikutaka kumvunja baba, sikutaka kupoteza kazi, sikutaka kuonekana niliyekaa kimya. Kadiri nilivyonyamaza ndivyo sababu ya tatu ilivyozidi kuwa kubwa kuliko zile mbili.

Mwezi wa nane tangu siku ile ya utepe nilimkuta amefunga boksi kwa kamba. Ubao, kipaza sauti, kipima sauti, vyote ndani.

"Mpelekee baba yako. Aliniomba. Kifaa cha kazi hakifai kukaa na mtu asiyesikia."

Baba alikuwa amekiomba. Ndicho kilichonifungua mdomo. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikasema yote, utepe, ukucha, maneno yake, maneno yangu, bila kumtazama. Nilitegemea atalia au atanipiga. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Upana wa ukucha upi?" akauliza. "Wa kidole kipi?"

"Kidogo."

Akaifungua ile kamba. Amplifaya ya mwalimu ilikuwa bado pale kwake, na hedifoni zote mbili, kwa sababu mwalimu alikataa kuzichukua akisema pengine Mama atazielewa baadaye, na rafiki yake alikubali zile za kuazima zibaki. Shangazi akapima, akabandika utepe, akausogeza mbele upana wa ukucha wangu mdogo, akapima tena. Namba zilipanda desibeli moja na nusu. Hiyo ndiyo chembe yenyewe. Kisha akazivaa zile za bei ya gari zikiwa juu kidogo vile, akavaa na zile nyingine, na akaanza kucheka.

"Yamenichagulia kilichozidi!" alisema. "Yalisikia sawasawa! Masikio yangu ni mazima!"

Alicheka mpaka akashika meza. Akaifunua redio, akaiwasha, akazungusha akitafuta stesheni kama mtoto. Nami nikaanza kucheka pia, nikidhani yamekwisha. Akazima redio.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nilikuwa nje ya kioo."

"Miezi minane."

"Ndiyo, shangazi."

"Baba yako alinidanganya siku moja. Wewe ulikuja hapa kila Jumapili, ukala, ukanisikia nikikuuliza kama mlango unalia."

Akachukua simu akampigia baba, akamwambia neno moja tu, "Nimepima." Nilimsikia baba upande wa pili akianza, "Dada, ilikuwa kidogo tu, nilikuwa nimeshaagiza sita..."

"Hicho kidogo ndiyo kazi yangu," akasema, akakata.

Akavaa viatu. Watu wanne walinunua kwa neno lake, na alikusudia kuwafikia wote wanne kwa miguu yake, mmoja mmoja, akianza na mwalimu. Akaniambia nibebe hedifoni. Nilimpa shikamoo mtu tuliyekutana naye njiani, naye akaitikia, na hiyo ndiyo sauti pekee niliyoitoa mpaka tukafika.

Maisha yangu yote, kila mlango tuliobisha pamoja, shangazi alinitambulisha kwa neno moja, "mwanangu," na watu wengine mpaka leo wanadhani alinizaa. Mwalimu alifungua, akafurahi kumwona, akanitazama nilivyojaa mizigo mikononi, akauliza huyu msichana aliyemkuta dukani na kisha jikoni kwake ni nani wake.

"Huyu ni binti wa mwenye duka," shangazi alisema. "Ana jambo la kukueleza."