Mbao, Waya na Mguu Wangu wa Kulia

Kabla ya kuvunjika nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha shaba cha Shituru. Bomba likivuja, nilikaza nati mpaka litulie. Miaka ile ya tisini kiwanda kilipolala na mishahara ikakoma, nilikwenda Kambove kuchimba madini kwa mkono. Shimo likaporomoka. Jiwe lilinipiga chini ya goti, nikasikia mfupa ukikatika, unyayo ukageukia pembeni.

Ngozi haikupasuka. Hospitalini daktari akasema hatanipasua. Waliuvuta mguu mpaka ukanyooka, nikamuuma mke wangu mkono bila kujua. Kisha wakaufunga kwa mbao na bandeji toka juu ya goti hadi wayo, vidole wakaviacha wazi.

"Goti ya nini, dokta? Mufupa imevunjika chini."

"Goti ikicheza, mufupa nayo itacheza. Lakini vidole, papa, ukuwe unachezesha kila siku."

Nyumbani, kila nilipojigeuza nilihisi mfupa ukisogea kidogo. Fundi gani anavumilia kitu kinachocheza? Nikachukua waya na koleo, nikazungushia mbao, nikakaza. Mke wangu, Mama Ngoy, akauliza kama mguu ni bomba.

"Weye songa bukari ya unga. Minye najua kazi yangu."

Maumivu yakazidi. Nikajisifu kwamba sasa umeshika. Kesho yake nilikuwa nimelala, macho nimefumba, Mama Ngoy akiniosha.

"Unasikia nikifinya?" akauliza.

"Unafinya wapi?"

Alikuwa akinifinya vidole vya mguu. Vidole vilikuwa baridi, vimebadilika rangi. Akakimbia kuomba mkokoteni kwa jirani.

Daktari alikata waya kabla ya kunisalimu. "Ulifunga damu, papa. Muguu ikikatala kupata joto, tutaikata."

Tulingoja. Mama Ngoy aliushika wayo kwa viganja viwili. Mwishowe kidole gumba kikaanza kuwaka kama moto. Sijawahi kupenda maumivu kama yale.

Walifunga upya, si kwa kubana nilivyotaka mimi, na mfupa ukaunga polepole. Leo natembea mpaka sokoni. Vidole viwili havina hisia, na hilo halikufanywa na jiwe. Nililifanya mimi.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Mama Ngoy, ambaye hata sasa akiniona na koleo huuliza, "Nani amevunjika?"

Wewe uliyefungwa mbao, vidole vikipoa, vikifa ganzi au maumivu yakizidi, rudi upesi kwa waliokufunga. Hata kama waya uliutia mwenyewe na unaona haya, rudi.