Jino Mikononi mwa Inoke

Inoke alipanda ngazi na jino la nyangumi mikononi, na Apenisa akajiuliza jambo moja tu: huyu safari hii anataka kuninyang'anya nini?

Kwa mila ya visiwani kwao, jino la nyangumi huletwa kuomba radhi, na halishikwi ovyo. Ukilipokea, ugomvi umekwisha, hata kama ni wa miaka arobaini, na ole wako uufufue. Apenisa alikaa mkekani, mikono kaificha kwapani.

Utotoni, walipokuwa shule ya bweni, kila jioni Inoke, kiranja wao, alimsimamisha asome sala. Kigugumizi kikimkaba, Inoke alijifanya anavuta kamba ya mashine ya boti. "Haijawaka, wenzangu. Vuta tena!" Bweni zima lilivunjika mbavu. Tangu hapo Apenisa, mkulima hodari wa magimbi, hakufungua kinywa mbele za watu. Hata kwenye arusi ya bintiye Mere, mjomba wake Ponipate ndiye aliyemsemea.

"Analitaka sh-shamba letu la mtoni," alimnong'oneza mkewe, Litiana.

"Baba Mere, msikilize kwanza."

Inoke akapiga magoti. Alikiri aliyoyatenda, akaomba radhi. Maneno yalikuwa mazuri, yamepangika, na hilo ndilo lililomtia Apenisa wasiwasi zaidi. Mikono haikutoka kwapani.

"S-sema kilichokuleta."

Inoke aliinamisha kichwa. "Mjukuu wangu Salote ana miaka saba. Anasema kama wewe. Mama yake anadai ni laana ya yale niliyokufanyia."

Kumbe ni woga. Apenisa alichukia, akatamani kumtoa nje yeye na jino lake.

"Bila huyo m-mtoto ungekuja?"

Inoke akatikisa kichwa. "Sidhani, ndugu yangu. Nisikudanganye."

Hilo ndilo neno lake la kwanza ambalo Apenisa aliliamini.

Mjomba Ponipate, aliyekaa kando yake, akakohoa, tayari kujibu kwa niaba yake kama kawaida. Apenisa akamgusa goti kumzuia. Akanyoosha mikono, akalipokea jino. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akaanza kujibu mwenyewe, mbele ya wote. Neno la kwanza likakwama. Inoke alifungua mdomo ammalizie, kisha akaufunga, akangoja.

"M-m-mtoto hana la-laana," Apenisa alisema. "M-mngojeeni tu a-amalize."