Asta Aliyehesabu Pumzi za Pomboo

Asta Ravnkilde alipika chakula cha shule hapa Strib, mji wetu mdogo wa pwani, miaka thelathini na mmoja, na kumi ya mwisho nilikuwa naye jikoni. Kazi ikiisha, hakwenda kwake. Alikaa kwenye gati la zamani la feri na daftari lake, akiwaangalia marsvin, pomboo wetu wafupi wenye pua butu.

Wengi walimcheka. Marsvin haruki wala hachezi. Hutoa mgongo mweusi, hupumua kama mtu aliyechoka, hutokomea. Asta aliandika kila pumzi: saa ngapi, upande gani, nani. Hilo la nani ndilo lililozua maneno. Alidai anamjua jike mmoja mwenye pezi lililomegeka, akamwita Moster, yaani mama mdogo. Viangazi tisa, alisema, Moster amekuwa akirudi kwenye ghuba ileile iliyo chini ya msitu, na mara tano alikuwa na mtoto.

Mtafiti kijana, Jeppe Lindskov, alikuja kumweleza kwa adabu kwamba marsvin hawatambuliki kwa macho, na ghubani pale wanapita tu.

"Mwanangu, umewaangalia miaka mingapi?"

"Minne. Lakini kwa vinasa sauti."

"Basi rudi ikitimia tisa."

Kisha chama cha boti za kasi kikatangaza mashindano ya mwezi wa saba, wakati watoto wa marsvin wangali wachanga, na boya la kugeuzia likatiwa mlemle ghubani. Asta alikwenda mkutanoni na madaftari kumi na manne. Mwenyekiti, Kresten Bjerre, hakufungua hata moja.

"Asta, wewe shika supu. Bahari tuachie sisi."

Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka, nikajuta kabla sijafunga mdomo. Asta akayapanga madaftari yake taratibu.

"Supu yangu umeinywa miaka saba, Kresten, na hukuwahi kubakisha. Tutaonana majini."

Siku ya mashindano alifunga mtumbwi wake kwenye boya, akamimina kahawa, akafungua daftari. Makasia nilishika mimi. Aibu ya kile kicheko ilikuwa haijanitoka. Boti zilingoja zikinguruma mbali. Kresten alikuja kutuamuru tuondoke, akarudia mara tatu. Asta hakuinua hata uso. Moster akaibuka hatua chache kutoka kwetu, mtoto amemganda ubavuni, wakapumua, mmoja kisha mwingine.

"Hao ni pomboo tu," Kresten alisema, ila sauti ilikuwa imeshuka.

Polisi walipofika, afisa alimwomba Asta afungue kamba.

"Bado dakika nne niitimize saa ya kuhesabu. Nikimaliza, nitafungua mwenyewe."

Afisa akatazama saa yake, akangoja.

Mchana mashindano yalifanyika. Asta akaletewa barua ya onyo, akaipigilia misumari kwenye mlango wa choo. Mwaka uliofuata mashindano yakahamia Septemba. Sababu haikutajwa, na jina lake pia halikutajwa.

Majira ya baridi Jeppe akarudi, akaomba kuyapeleka madaftari ofisini kwake.

"Hayatoki. Meza ipo, kahawa ipo. Soma hapahapa."

Sasa huja kila Alhamisi, na akikosea jina la pomboo, Asta humrudisha mwanzo wa ukurasa.