Maisha ya Bibi Kimya, Aliyesema kwa Ajili ya Aliye Mbali

Alizaliwa asubuhi ya Jumapili, mwezi wa sita, mwaka 1938, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani. Mama yake ndiye aliyepiga pasi na kushona vifungo. Alikuwa kitinda mimba, na nyumbani mdomo wake haukutulia: aliyahubiria mashati yaliyotundikwa ukutani, akiyakemea yaliyokunjamana na kuyabariki yaliyonyooka, na siku moja mama yake alicheka mpaka pasi ikaunguza ukosi wa mteja. Alipofika miaka tisa alichaguliwa kusoma somo siku askofu alipotembelea kanisa. Walimwekea kibao cha kusimamia ili aonekane. Alipopanda na kuona watu wote wamemkazia macho, sauti ikamkauka. Alisimama mdomo wazi mpaka katekista akamshika mkono, akamshusha taratibu. Nje watoto walimzunguka. "Bubu wa askofu! Kimya wewe!" Jina la Kimya likamganda, na baya zaidi, yeye mwenyewe alilivaa kama nguo aliyopimiwa, akaamini kwamba ndivyo alivyoumbwa.

Alipokuwa msichana alipata kazi katika hospitali ya masista, kufua mashuka na kutandika vitanda. Hapo ndipo Mungu alipomwita, wala hakumwita kwa ndoto wala kwa malaika. Kila Jumapili msomaji aliposimama, midomo ya Kimya ilicheza pamoja naye, na kifua kikamvuta kama mtu anayesikia ndugu zake wakizungumza ng'ambo ya ukuta usio na mlango. Alitamani kusema mpaka chakula kikamshinda. Lakini padre alipomwomba asome, alijibu, "Padre, mimi si mtu wa kusimama mbele. Nitawatia aibu." Mama yake, ambaye sasa alikuwa mjane, alikuwa akivaa nguo yake ya kutokea na kukaa benchi la mbele, akingoja. Njiani kurudi alimwuliza, "Mwanangu, nitakusikia lini?" "Jumapili ijayo, mama." Miaka ikaenda na ahadi hiyo, na masikio ya mama yakaenda nayo, mpaka akawa kama kiziwi.

Mwaka 1971 mama aliugua, akalazwa katika wodi aliyoihudumia binti yake. Mchana mmoja, baada ya dawa, alisema, "Nisomee, mwanangu. Nimechoka kungoja Jumapili." Kimya akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza somo kwa sauti ndogo. Mama akatikisa kichwa. Akapandisha sauti, mama akatikisa tena. Akapandisha zaidi, akaisahau wodi, akajisahau na yeye mwenyewe, akitafuta tu upenyo ambamo neno lingeingia. Alipotua kuvuta pumzi, mgonjwa wa dirishani akaita, "Dada, rudia pale mwanzo, huku mwisho hatukusikia."

"Utasikiaje na ulikuwa unakoroma?" akadakia mwenzake mwenye bandeji kichwani. "Mwache dada amalize, bwana!"

Wodi ikacheka. Kimya akageuka, akaona macho yote yako kwake, kama siku ile ya kibao. Lakini safari hii aliyatazama vizuri macho yale. Hayakuwa yakimpima. Yalikuwa na kiu. Akarudia somo tangu mwanzo, kwa sauti ya kumfikia na wa dirishani. Alipomaliza, mama akamshika kiganja. "Mimi nimeona midomo yako tu," alisema. "Lakini wenzangu wamesikia. Basi na mimi nimesikia." Alifariki kabla ya Jumapili.

Jumapili hiyo Kimya alipanda mimbarini akitetemeka. "Ndugu zangu," alisema, "mlikuja hapa na kiu, na mimi miaka yote nilishughulika na ndoo yangu ilivyobonyea." Kisha akasoma.

Tangu hapo alisema magerezani, sokoni, mahospitalini na misibani. Kutetemeka hakukumwacha hata mara moja, wala hakuomba kumwache. Hakujiita tena bubu, wala hakujiita msemaji. Alisema yeye ni mtu aliyetumwa kwa mwenye kiu. Masista walioishi naye walijua pia kwamba kila baada ya kusema aliketi peke yake kitambo, akimlilia mama ambaye hakumsikia.

Wanasimulia kwamba katika mkutano mmoja wa hadhara, siku ya upepo mkali, umeme ulikatika na kipaza sauti kikafa katikati ya maneno yake. Aliendelea vilevile. Mlinzi wa geti, aliyesimama mbali nyuma ya umati, aliapa kwamba alimsikia kana kwamba wamekaa benchi moja. Bibi Kimya alifariki mwezi wa tatu, mwaka 2009, midomo ikicheza.

Basi, ndugu mwamini, ukiombwa kusimama mbele ya watu na sauti ikaanza kukukauka, usijitazame. Inua macho, umtafute aliye mbali kuliko wote, useme naye. Yupo. Amekungoja muda mrefu.